Nakala mbili za Culloden: moja nimeirudisha, moja iko ukutani

Asiye na muda achukue jibu lake aende: nakala ya turubai ya picha ya vita vya Culloden, ya pauni 58, nimeirudisha, nakala ya karatasi ya pamba ya pauni 135 nimeitundika na sijutii. Mwenye muda avute kigoda, maana mimi ni fundi nguo, na fundi nguo akianza kueleza kitambaa hamalizi haraka.

Nashona na kurekebisha nguo hapa Inverness, kaskazini mwa Uskoti. Nilifika nikijua magauni, madera na suruali za kiume. Kilti, zile sketi za marinda wanazovaa wanaume wa huku, nimefundishwa hapahapa na bibi mmoja aliyezishona tangu ujana wake: yadi nane za sufu kwa kiuno cha mtu mmoja, marinda yote kwa mkono, na akiniona nanyoosha mkono kuchukua pasi kabla sijapiga bandi, alikuwa anakohoa tu. Kikohozi kile nilikielewa kuliko Kiingereza chake. Mwaka jana nikapata chumba changu cha kazi. Ukuta unaotazamana na mlango ulikuwa mtupu, Baba Salma akasema weka kioo. Nikamwambia kioo kipo kwenye chumba cha kupimia, kinatosha; watu wasianze kujitazama hata koti hawajavua. Nilitaka picha, tena picha yenye nguo ndani yake.

Ndipo nikaangukia kazi ya David Morier iitwayo Tukio katika Uasi wa 1745. Ni mchoro wa rangi za mafuta wa karne ya 18, na asili yake ni mali ya mkusanyo wa kifalme wa Uingereza. Si mkubwa kama watu wanavyodhani: takribani sentimita 60 kwenda juu na 100 kwenda pembeni. Ukiulaza kwenye meza yangu ya kukatia, mkasi na chaki bado vina nafasi. Unaonyesha vita vya Culloden vya tarehe 16 Aprili 1746, vilivyopiganwa kwenye uwanda wa majimaji mashariki mwa mji huu ninaoishi. Kwa gari hata wimbo wa tatu hauishi umeshafika. Vilidumu chini ya saa moja. Upande mmoja jeshi la Charles Edward Stuart, aliyekuja kudai kiti cha enzi kwa ajili ya baba yake; upande wa pili jeshi la serikali chini ya William Augustus, Dyuki wa Cumberland, mtoto wa mfalme George II. Siku ya vita, Dyuki alikuwa ametimiza miaka 25 jana yake.

Huyo Dyuki ndiye aliyekuwa mteja wa Morier. Kwetu mafundi hilo ndilo la kuuliza kwanza, kabla ya kuuliza picha nzuri au mbaya: nani kaleta kitambaa? Maana mleta kitambaa ndiye mchagua mshono. Ukitazama harakaharaka utaona kile alichotaka mlipaji. Wenye makoti mekundu wamejipanga safu, bunduki zimeshushwa, visu vya mtutu vimeelekezwa mbele. Watu wa Nyanda za Juu, yaani sehemu ya milima ya Uskoti, wanawajia na mapanga yameinuliwa, wengine wameshakwenda chini. Huku nidhamu, kule fujo. Haikuonyeshi kwamba wafuasi wengi wa Charles siku ile walikuwa na bunduki pia, wala kwamba ndani ya jeshi la serikali walikuwemo Waskoti. Na yaliyofuata, majeruhi kumalizwa palepale uwanjani na nyumba za watu kuchomwa moto, yale yaliyompa Dyuki jina la Mchinjaji, hayamo kabisa.

Lakini Morier hakuficha kila kitu. Kikosi anachokionyesha ni cha Barrell, kikiitwa kwa jina la kanali wake, kilichosimama kushoto mwa mstari wa mbele wa serikali na kupokea pigo zito kuliko vingine vyote. Katika wafu 50 walioandikwa na jeshi zima la serikali, 17 walikuwa wa kikosi hiki kimoja, na majeruhi wake walikuwa 108. Kwenye picha, yule mwenye panga ana nguvu, ana mwili, ana uso. Hajachorwa kama kichekesho. Mara ya kwanza nilipoiona kwenye simu, jicho langu lilikwenda kwake, halafu likashuka kwenye soksi zake, halafu sikuondoka tena kwenye soksi.

Nitarudi kwenye soksi.

Nakala ya kwanza niliinunua kwenye duka moja la mtandaoni la kuchapa picha kwenye turubai, sitalitaja. Pauni 58 pamoja na usafirishaji, ikafika siku ya nne, imefungwa vizuri, pembe zina vikinga. Nikaitoa na kuiegemeza ukutani. Salma alikuwa amerudi shule. Akasimama, akatazama, akasema, "Mama, mbona huyu hana mkono?"

Kweli hakuwa na mkono. Mmoja wa watu wa Nyanda za Juu aliye pembeni alikuwa amekatwa. Nikachukua futi. Wameuza picha kwa saizi yao ya kawaida, sentimita 60 kwa 90. Asili ni 60 na nusu kwa 99 na nusu. Piga hesabu kama unavyopiga ya pazia: ukiishusha hadi kimo cha 60, upana unabaki 98 na kitu, kwa hiyo karibu sentimita tisa zimepotea. Halafu turubai inakunjwa kuzunguka fremu ya mbao, sentimita nne kila upande, na badala ya kuongeza ukingo mweupe wa kukunjia wamekunja picha yenyewe. Kuna mtu amekufa Culloden halafu akaja kukunjwa nyuma ya mbao na kupigwa pini.

Hilo peke yake ningeweza kulimeza. La rangi nilishindwa. Wameongeza nyekundu mpaka makoti ya askari yanawaka kama taa za breki. Nisikilizeni hapa, maana hili ni la ufundi. Koti la askari wa kawaida wa Uingereza karne ile lilitiwa rangi ya mzizi wa mmea uitwao mada, na mzizi ule unatoa nyekundu ya tofali, iliyotulia, yenye ukahawia kwa mbali. Nyekundu kali inayong'aa ilitoka kwa kochinili, mdudu anayekaushwa na kusagwa, aliyeletwa kutoka Amerika kwa gharama. Ile waliivaa maofisa. Kwa hiyo yule mtu wa kompyuta aliyesogeza kidole chake ili picha "ipendeze" amewapandisha cheo askari wote kwa mpigo. Na huku kwenye tartani, kile kitambaa cha sufu cha drafti cha Uskoti, amefanya uharibifu mkubwa zaidi: kijani na buluu ya indigo zimegeuka nyeusi, na mistari myembamba ya njano imeliwa. Ukikaribia unaona faili lilikuwa dogo, wakalitanua, wakalinoa kwa programu, kila mstari ukapata kivuli cheupe kando yake. Drafti zimekuwa uji.

Kwa ambao hamjawahi kurudisha kitu huku: ukinunua mtandaoni Uingereza, una siku 14 tangu mzigo ukufikie za kubadili mawazo, ila kitu kilichotengenezwa kwa vipimo vyako mwenyewe hakimo kwenye haki hiyo. Walijaribu kunibana hapo, eti imechapwa kwa oda yangu. Nikawajibu kwamba kuchapwa baada ya mimi kulipa si sawa na kuchapwa kwa vipimo vyangu, saizi ilikuwa yao. Na zaidi ya hapo, bidhaa isiyolingana na maelezo unaweza kuikataa ndani ya siku 30 na kudai pesa zako zote. Ukurasa wao ulionyesha picha nzima, mimi nimeletewa pungufu. Niliambatisha picha ya futi ikiwa juu ya turubai. Pesa zilirudi baada ya siku sita. Si watu wabaya, ni watu wasiotazama wanachouza.

Nakala ya pili nilitafuta kwa utaratibu. Niliacha kuuliza "mnayo Culloden?" nikaanza kuuliza maswali matatu: faili lenu lina ukubwa gani, mnachapa kwa uwiano wa asili au mnakata, na mnaweza kunitumia kipande cha majaribio? Wachapaji wawili hawakujibu. Wa tatu, karakana ndogo ya watu wawili, alijibu jioni ileile, na kwa pauni 4 akanitumia kipande cha ukubwa wa kiganja. Nilikuwa nimechagua sehemu mwenyewe: goti la mtu, na soksi yake.

Kipande kilipofika nilikitoa nje mlangoni kwenye mwanga wa mchana, kama tunavyofanya na uzi wa kulinganisha. Nikakiweka kando ya picha ya asili wanayoionyesha watunzaji wa mkusanyo wa kifalme kwenye tovuti yao. Mistari imesimama. Njano ipo. Nikaagiza.

Bei: pauni 135, sentimita 60 na nusu kwa 99 na nusu, ukingo mweupe wa sentimita tano kuzunguka, wino wa pigmenti kwenye karatasi ya pamba nzito isiyong'aa. Ilikuja ndani ya bomba la kadibodi. Hilo ndilo lalamiko langu la kwanza kwao: bomba lilikuwa jembamba, karatasi ikafika imejikunja kama mkeka mpya, nikailaza siku tatu chini ya shuka na marobota ya sufu ndipo ikakubali kutulia. Kwa pesa ile, bomba pana halingewaua.

Sasa soksi.

Kwenye nakala hii unaona kwamba zile si soksi za kufuma. Zimekatwa kwenye kitambaa cha tartani na kushonwa, na zimekatwa mshazari. Drafti zimelala kama almasi juu ya shavu la mguu, hazikusimama wima. Kila fundi anajua sababu: sufu iliyofumwa kwenye mtande haina mvuto ukiikata nyoofu, ukiikata mshazari inanyooka na kushika mguu. Ndivyo walivyozishona huku karne ya 18. Mchoraji anayebuni nguo kichwani hawezi kulijua hilo. Angechora miraba iliyosimama, basi. Morier ameziona, ameziona kwa karibu, na ndipo nilipoanza kumwamini.

Na kumwamini kwangu kulipata mgongo nilipojua kazi yake nyingine. Alizaliwa Bern, Uswisi, akaja Uingereza akawa mchoraji wa farasi na wa askari. Dyuki wa Cumberland alimtumia kuchora wanajeshi wa vikosi mbalimbali, mmojammoja au wawili watatu, ili sare za kila kikosi zionekane zilivyo: rangi ya vikuta, yaani ncha za mikono zilizokunjwa, na ya kola, mpangilio wa vifungo, nakshi za kofia. Enzi hizo hizo, mwaka 1751, ilitoka amri ya kifalme iliyopanga mavazi ya vikosi vyote. Kwa hiyo huyu bwana kazi yake ilikuwa ya karani wa nguo. Wengine wanamsema ni mkavu, watu wake wamekakamaa, na sibishi. Tazama wale wenye makoti mekundu, kama vile mmoja kakatiwa patroni na wengine wakafuatishwa. Salma anaita kofia zao kofia za maaskofu, na hajakosea, maana ni ndefu, zimechongoka, zimedariziwa mbele. Askari wa kurusha makombora walizivaa hivyo. Na vikuta vyao ni buluu, rangi ya vikosi vyenye heshima ya kifalme, na Barrell kilikuwa kimojawapo. Karani hakukosea.

Basi karani huyohuyo akaambiwa achore maadui. Inasimuliwa kwamba waliletwa wafungwa wa vita wakasimama mbele yake kama vielelezo. Mimi nasoma nguo tu, na nguo zinaonyesha kwamba mbele yake palikuwa na kitambaa halisi, kimevaliwa, kimechakaa, kimekunjwa na mkanda.

Mimi na Salma tulikaa chini na lensi yangu ya kuhesabia nyuzi, kila mmoja na karatasi yake, tuhesabu tartani. Watu wanaoonekana vizuri ni wanane. Mimi nilifika 19. Salma akafika 22, tukabishana juu ya koti moja ambalo mimi naliona limeungwa na mkono wa kitambaa kilekile na yeye anasema mkono ni mwingine. Wataalamu wa tartani wanahesabu zaidi ya 20, kwa hiyo mtoto ananishinda. Watu wanane, tartani zaidi ya 20! Yaani mtu mmoja koti lake drafti hii, shuka yake ya kiunoni drafti ile, soksi drafti nyingine kabisa. Na si hata moja inayolingana na tartani ninazoshona leo kwa majina ya koo.

Hapo ndipo picha hii inapoleta maneno kwenye chumba changu. Wateja wengi wanaokuja kushona kilti wanaamini kwamba Culloden kila ukoo ulikuja na sare yake, kama sisi tunavyokwenda harusini, upande wa bwana harusi kitambaa hiki, upande wa bibi harusi kile. Hakukuwa na sare. Mtu alivaa alichofuma mfumaji wa jirani, rangi zilizopatikana, na kama ana uwezo akaongeza nyekundu ya dukani ili waone kwamba ana uwezo. Wa upande wa Charles ulimtambua kwa ua jeupe la utepe kwenye kofia yake ya buluu. Tazama kofia, utaliona.

Mambo ya tartani kwa jina la ukoo yamekuja baadaye, na njia yake ni ndefu. Baada ya vita Bunge lilitunga sheria. Kuanzia tarehe 1 Agosti 1747, mwanamume au mvulana yeyote Uskoti akikutwa amevaa mavazi yale ya Nyanda za Juu, miezi sita jela, na akirudia, miaka saba ng'ambo. Waliosamehewa ni waliovaa wakiwa askari wa mfalme. Sheria ikafutwa 1782. Mwaka 1815 chama kimoja cha wenyeji wa Nyanda za Juu waliokuwa London kikawaandikia wakuu wa koo walete vipande vya tartani zao vihifadhiwe, na baadhi ya wakuu wakawa wanauliza huku na huku, tartani yetu ni ipi? Wafumaji Wilson wa Bannockburn walikuwa tayari na madaftari ya mifumo, mingine ina namba tu, majina yakapandishwa juu yake. Halafu 1822 mfalme George IV akaja Edinburgh, mwandishi Walter Scott akiwa ndiye mpanga shughuli, na mfalme mwenyewe akavaa tartani kuanzia shingoni mpaka miguuni. Mfalme huyo ni mjukuu wa kaka yake Dyuki wa Cumberland. Yule aliyewapiga kule Culloden, mjukuu wa ndugu yake anavaa nguo zao kwenye sherehe! Na kuanzia hapo kila familia ikataka ya kwake, na mimi fundi wa leo nakula kwa hilo, kwa hiyo msinisikie nikicheka kwa sauti.

Mzee mmoja, mteja wangu mzuri, kilti zake zote nazitunza mimi, alikuja mwezi uliopita kupanua kiuno. Alisimama mbele ya picha dakika nzima na miwani ameinyanyua, akaitafuta tartani ya ukoo wake kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuiona. Akanigeukia akaniuliza huyu mchoraji ni mtu wa wapi. Nikamwambia Uswisi. Akasema, "Ahaa," kwa sauti ya mtu aliyepata jibu, akavua koti. Sikumwongezea neno. Alilipa, na wiki iliyofuata akamleta mpwa wake.

Turudi kwenye bidhaa, maana fremu nayo ina yake. Mtengeneza fremu wa mtaani alinitoza pauni 96 kwa mbao nyembamba nyeusi na kioo cha kawaida. Kosa langu: dirisha langu liko mbele ya ukuta ule, na asubuhi ninachokiona kwenye Culloden ni basi la namba 5 likipita. Picha yenye giza na moshi mwingi kama hii inarudisha kila mwanga. Nimerudi kubadilisha kwa kioo kisichoakisi, pauni 40 nyingine, na sasa basi limeondoka. Ukiagiza hii picha, anza na kioo hicho moja kwa moja. Na usiitie nta wala fremu ya dhahabu pana. Nimeona mtu kafanya hivyo na picha ikabaki kama dirisha dogo la choo.

Rangi kwa ujumla naipa alama za juu. Nyekundu imetulia kwenye tofali. Buluu ya vikuta inasomeka kama buluu hata jioni chini ya taa. Moshi wa nyuma una kijivu cha aina mbili tatu, haujawa doa moja. Sehemu iliyo dhaifu ni majani ya mbele chini, pale walipoangukia watu. Kwenye karatasi isiyong'aa giza lile limezama kidogo, na panga moja lililo chini unalipata kwa kulitafuta. Turubai nzuri yenye vanishi ingelitoa zaidi. Lakini turubai nzuri ya saizi hii niliambiwa pauni 240, na mimi si Dyuki.

Na Dyuki mwenyewe alikuwa na faida kwa fundi wake mpaka siku alipokufa tu. Alifariki 1765. Morier akabaki bila yule mteja mkubwa mmoja, madeni yakamzidi, na mwaka 1770 akafia ndani ya gereza la wadaiwa la Fleet, London; wachoraji wenzake ndio waliogharamia mazishi. Nilipolijua hilo nilifungua daftari langu la oda nikahesabu ni asilimia ngapi inatoka kwa ile kampuni ya harusi ninayoishonea. Sitawaambia. Nimeanza kupokea na kazi za mapazia.

Kwa anayeuliza kama inafaa sebuleni: inategemea nyumba. Ni picha ya watu wanaochomwa visu. Dada yangu alipoiona kwenye video aliniambia hawezi kula mbele yake, na nina wateja wawili wa huku ambao familia zao zilikuwa upande wa waliopigwa, na mmoja huwa anakaa kwenye kiti kinachoipa picha mgongo. Nimekihamisha kiti kile ili kiwe hivyo daima, bila kusema kitu. Kwenye karakana ya nguo, hasa hapa, mahali pake ni pazuri. Mtu akiniuliza tartani ni nini namsimamisha pale, namwonyesha wale wanane, kisha tunarudi mezani kwenye sampuli.

Nimewapa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya bomba, na kwa sababu ya maelezo yaliyoko kwenye ukurasa wao, yanayosema picha "inaonyesha tartani halisi za koo zilizopigana Culloden". Niliwaandikia kwa upole, nikaambatisha karatasi ya Salma yenye zile 22, kila moja kaichorea kidrafti chake kwa penseli za rangi. Walijibu siku hiyohiyo, wakamsifu sana mtoto, wakasema watarekebisha. Jana usiku nimetazama tena. Bado ipo vilevile.